Kitabu cha Kasa Kilichorudi Ndani ya Leso

Bibi alikuja Jumatano, saa nne asubuhi, watoto wakiwa nje wanacheza. Kitabu alikuwa amekifunga ndani ya leso mafundo mawili, kama mtu anayempelekea mgonjwa chakula. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akakaa kwenye kibao cha watoto wa Gredi ya Kwanza kwa sababu kiti changu alikikataa. Alifungua fundo la kwanza, mkono ukasita.

"Mwalimu," akasema, "chuo kimengia mai."

Kwa Kiamu, Kiswahili cha hapa kwetu Amu, yaani Lamu, kitabu ni chuo na maji ni mai. Fundo la pili lilipofunguka nikakiona kilichokuwa kitabu chetu cha picha cha kasa. Jalada lilikuwa limejikunja kama gome kavu. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimefura na kupinda, na zile za katikati, zenye picha za kung'aa, zilikuwa zimegandana pande moja gumu lisilofunguka. Kwenye kingo palikuwa na ukungu wa kijivu, na harufu ya uvundo ilinifikia kabla sijakigusa.

Nikauliza mjukuu wake aliyekiazima yuko wapi. "Yumo darasani," bibi akajibu. "Yuwaona haya."

Nimeamua kukieleza kisa hiki chote kwa sababu walimu wengi wanaosimamia maktaba za shule za msingi huku pwani wana kitabu cha namna hii mahali fulani, na wengi wameshaandika pembeni mwake kwenye daftari "kimeharibiwa", wakafunga habari. Mimi nusura nifanye hivyo hivyo.

Mambo yalikwenda hivi. Ilikuwa muhula wa pili, mwezi wa Julai, upepo wa kusi umepamba moto. Msichana wa Gredi ya Tano aliazima kitabu Alhamisi, muda wake siku saba. Jumamosi alikwenda Matondoni, kijiji kingine cha kisiwa hiki, kwa ndugu wa mamake, na kitabu akakichukua ili kumwonyesha binamu yake, ambaye baba yake alikuwa amemnasua kasa kwenye wavu wiki chache kabla. Binamu akakiomba usiku mmoja, akapewa. Jumapili jioni walirudi mjini kwa mashua. Kitabu kilikuwa ndani ya kikapu cha ukindu, juu ya nguo. Wimbi moja likavuka ubavu wa mashua na kikapu kikajaa maji ya chumvi.

Msichana hakumwambia mtu. Alikipandisha juu ya paa la nyumba, akakianika juani kikiwa wazi, akaweka jiwe kila upande. Siku ya pili aliona kurasa zimeshikana, akajaribu kuzibandua kwa kisu cha jikoni, akachana picha mbili. Alhamisi, siku ya kurudisha, alikuja maktaba mikono mitupu akaniambia amekisahau nyumbani. Ijumaa nilisoma jina lake paredi, pamoja na wengine sita waliochelewa. Tangu siku hiyo hakuingia tena maktaba. Bibi alikikuta kitabu Jumanne usiku nyuma ya mtungi, akafuata harufu.

Kutoka Jumapili jioni mpaka Jumatano asubuhi ya juma la pili ni siku kumi hivi. Siku hizo kumi ndizo zilizokiua kitabu.

Hili nalisema kwa uhakika, kwa sababu namna karatasi inavyoharibika kwa maji inajulikana. Kitabu kilicholowa hakifi papo hapo. Ukungu huanza kuota baada ya takriban saa 48, na hapa kwetu, ambapo hewa yenyewe ni mbichi, mtu asitegemee hata huo muda wote. Karatasi za kung'aa, zile za picha, zimepakwa tabaka laini ambalo maji hulifanya gundi. Zikikauka zikiwa zimeshikana ndiyo basi, maana zingetakiwa kutenganishwa zingali mbichi. Na maji ya bahari yana ubaya wake wa ziada: chumvi ikibaki ndani ya karatasi huendelea kuvuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo kitabu ambacho ukikishika mchana unakiona kikavu, usiku kinarudi kuwa kibichi. Jua kali nalo, ambalo mtoto yule alilitegemea, hulipindisha jalada na kuikausha karatasi upande mmoja kabla ya mwingine.

Kinachotakiwa ni rahisi, na hakuna mwanafunzi wangu hata mmoja aliyekuwa anakijua, kwa kuwa sikuwafundisha. Kitabu kilichoingia maji ya bahari kwanza kisuuzwe kwa maji matamu safi, kikiwa kimefungwa, bila kusuguliwa. Maji yadondoke. Karatasi nyeupe kavu zitiwe katikati ya kurasa na kubadilishwa kila zinapolowa. Kisimamishwe wima, kurasa zimefunguka kidogo kama upepeo, kivulini, penye upepo au mbele ya feni. Gazeti lisitumike kwenye kurasa za picha, wino wake huhama. Na kama hakuna wa kufanya kazi hiyo siku ile, kitabu kifungwe vizuri kwa karatasi ya nailoni kama ile ya mkate, kitiwe ndani ya friza. Baridi ya friza haikikaushi, ila inausimamisha ukungu mpaka mtu apate nafasi.

Nilipomweleza bibi habari ya friza alinyamaza kidogo, kisha akaniambia jirani yake wa mlango wa pili ni mchuuzi wa samaki. Friza mbili kubwa, umeme wa uhakika, na mlango hafungi. Hatua kumi na tano kutoka pale kitabu kilipokuwa kinaoza nyuma ya mtungi.

Kwa nini basi mtoto mwerevu, anayependa kusoma kuliko wenzake wote wa darasa lake, alikaa kimya siku kumi? Jibu lilikuwa limebandikwa kwenye mlango wa maktaba, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Anayechelewa atatozwa shilingi 5 kwa kila siku ya shule. Anayepoteza au kuharibu kitabu atalipa bei yake mara mbili. Kitabu kile kilinunuliwa shilingi 850. Mtoto alipiga hesabu ya 1,700 akiwa bado ndani ya mashua. Alikuja kuniambia hivyo baadaye, akitazama chini. Na Julai ni mwezi ambao baba yake mvuvi anakaa siku nyingi pwani akiitazama bahari, kwa sababu kusi haimruhusu kutoka. Alijua nyumbani hakuna 1,700. Alijua pia kwamba akisema, jina lake litasomwa. Akanyamaza, na nikalisoma vilevile.

Lile tangazo nililiandika kwa nia njema. Vitabu vilikuwa vinapotea. Vitabu vya kiada, ambavyo tangu 2018 serikali hutuletea shuleni moja kwa moja, vina hesabu yake na wakaguzi wake, ila hivi vya maktaba vilitoka kwa wazazi, kwa wageni, kwa wanafunzi wa zamani, na kila kimoja kikipotea hakuna anayekileta kingine. Nilidhani ukali ungevilinda. Sikufikiri kwamba sheria isiyotofautisha mtoto anayesema upesi na mtoto anayeficha inamfundisha kila mtoto kuficha. Adhabu ni ileile, na anayeficha ana siku chache za matumaini.

Hapa lazima nimtaje mtu wa tatu, ambaye hakuwa kwenye mashua wala kwenye paa. Kulikuwa na mvulana wa Gredi ya Sita aliyekuwa amejiandikisha kukisubiri kitabu kile. Kazi mradi yake ilikuwa juu ya wanyama wa baharini na alikuwa amechagua ng'amba, yule kasa ambaye gamba lake lilikuwa likitengenezwa vitana zamani. Kila asubuhi alipita dirishani: "Mwalimu, kimerudi?" Namwambia bado. Alipita hivyo siku nne za shule, kisha akawasilisha kazi yake juu ya kaa, mnyama ambaye habari zake zilikuwepo kwenye kitabu kingine, akapata alama za wastani. Hakulalamika hata kidogo.

S. R. Ranganathan, mtaalamu wa maktaba kutoka India, aliandika mwaka 1931 kanuni tano za maktaba, na mbili kati yake ni kwamba kila msomaji ana kitabu chake, na kila kitabu kina msomaji wake. Nilizisoma zamani nikaziona kama maneno ya mapambo. Mvulana yule wa dirishani ndiye aliyenipa maana yake. Tunapomwambia mtoto "rudisha kwa wakati", yeye huona mwalimu na daftari lake. Haoni mwenzake anayesubiri. Nafikiri tumekosea sana kufundisha uaminifu wa kuazima kama deni kwa shule, wakati ni deni kwa mtoto mwingine mwenye jina na darasa.

Alhamisi tulikaa kikao kidogo: mwalimu mkuu, naibu wake, bibi, mimi, na maalim mmoja wa madrasa aliye kwenye bodi ya shule. Naibu alitaka sheria ifuatwe kama ilivyoandikwa, kwa hoja kwamba ukimsamehe mmoja umewafungulia wote. Mimi nilikuja nimejiandaa kuomba kila kitu kifutwe. Tulikosea sote wawili, na aliyetunyoosha ni maalim akisaidiwa na bibi.

Maalim alianza na lugha. Akauliza kwa nini tangazo langu linasema "kukopa vitabu". Anayekopa sukari kwa jirani harudishi ileile sukari. Hurudisha mfano wake. Anayekopa pesa vivyo hivyo. Anayeazima shoka hurudisha shoka lilelile. Kitabu huazimwa. Nilikuwa nimetumia maneno hayo mawili kama pacha maisha yangu yote, na watoto wakanifuata. Mtoto anayedhani amekopa kitabu anadhani kwa haki kabisa kwamba akikiharibu dawa ni pesa, na asipokuwa na pesa hana dawa.

Kisha akaingia kwenye sheria ya Kiislamu. Kilichoazimwa, akasema, kwa madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo ya watu wa hapa, huitwa ariya, na aliyekiazima yuko tofauti na aliyewekewa amana. Aliyewekewa amana halipi kitu kikiharibika bila uzembe wake. Aliyeazima ana dhamana: kikiharibika nje ya matumizi aliyoruhusiwa, analipa, hata kama hakukusudia. Lakini kinachochakaa kwa matumizi yenyewe hakilipwi. Kona ya ukurasa iliyolainika kwa kufunguliwa, uzi wa mgongo uliolegea kwa kusomwa na watoto arubaini, hayo ni haki ya kitabu kusomwa. Na aliyeazima hana ruhusa ya kumwazimisha mwingine ila kwa idhini ya mwenyewe. Akaongeza jambo ambalo lilitugusa sote: mtoto ambaye hajabaleghe hafungi mkataba peke yake. Tulikuwa tumemwekea dhamana mtoto wa miaka kumi na moja bila mzazi wake hata kujua kuna kitabu ndani ya nyumba.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Nilipofungua mdomo kuomba wasamehewe, alinikatiza kwa upole. "La, mwanangu. Kitu kikivundika hulipwa. Ila siku hazivundiki. Siku mwazilipisha kwa nini?"

Kuvundika kwa Kiamu ni kuvunjika. Hakuna aliyemjibu. Alikubali shilingi 850, zilipwe kwa mafungu matatu, na akakataa ile 850 ya pili pamoja na shilingi 20 za siku nne. Mwalimu mkuu aliafiki. Naibu alisema ataafiki ila aandikwe kwamba hakukubaliana, na tukamwandika, kwa sababu hofu yake ni ya kweli na sitaki kujifanya haikuwepo.

Kuhusu faini ya siku nitasema yangu. Maktaba ya mji wa Chicago, Marekani, iliacha kutoza faini za kuchelewa Oktoba 2019, na mwaka huohuo chama cha wakutubi wa nchi hiyo kilitamka kwamba faini hizo huwakandamiza wasio na kitu. Chicago si Amu, na maktaba yao ina mali ambayo sisi hatuioti. Jambo moja lakini ni lilelile kote: shilingi 5 kwa mtoto wa mwenye duka si kitu, na kwa mtoto wa mchukuzi wa punda ni mandazi ya asubuhi. Faini ile ilikuwa haiwafundishi wote somo moja. Wale wenye nacho ilikuwa inawauzia siku za ziada, na wasio nacho ilikuwa inawafukuza.

Tuliyobadilisha ni machache. Tangazo la mlangoni lilishuka, na neno la kwanza kwenye jipya ni "Sema". Kitabu kikilowa, kikichanika, kikiandikwa na mdogo wako, kikipotea, sema siku hiyo au kesho yake asubuhi. Anayesema ndani ya muda huo hatozwi kitu mpaka tujaribu kukitengeneza pamoja. Anayeficha, mzazi wake anaitwa na bei inalipwa, mara moja, si mbili. Faini ya siku imeondoka. Aliyechelewa haazimi kingine mpaka cha kwanza kirudi, na anaonyeshwa orodha ya wanaokisubiri. Majina hayasomwi tena paredi. Nakiri hili la mwisho lilinisumbua zaidi ya yote, kwa sababu usomaji ule wa majina niliurithi kwa walimu walionifundisha mimi, na sikuwahi kujiuliza ulikuwa unamrudisha nani.

Mzazi sasa hutia sahihi kadi mwanzo wa mwaka, au kidole gumba kama haandiki, na kadi inaeleza mambo mawili tu: kitabu kikae wapi, na nani mwingine ndani ya nyumba anaruhusiwa kukisoma. Juu ya hilo la pili nilibishana na nafsi yangu. Sheria iko wazi kwamba cha kuazima hakiazimishwi. Lakini katika nyumba za Amu mtoto hasomi peke yake. Ndugu, binamu na shangazi wanasoma begani mwake, na kumkataza ni kumfundisha uchoyo wa elimu. Kwa hiyo idhini imeandikwa: kitabu kisomwe na yeyote, mbele ya aliyekiazima. Kisilale nyumba nyingine. Kama binamu wa Matondoni anakitaka, alete ombi kupitia kwa ndugu yake naye aandikwe kwenye daftari kwa jina lake. Wawili wameshaandikwa.

Jambo la mfuko lilikuwa dogo na limesaidia kuliko nilivyotarajia. Zamani kila kitu hapa kilifungwa kwa mfuko wa plastiki. Marufuku ya Agosti 2017 iliiondoa mifuko hiyo, kwa manufaa ya bahari na ya kasa hao hao, ila vitabu vikabaki kusafiri ndani ya vikapu na mifuko ya nguo isiyozuia hata mvua ya rasharasha. Fundi wa cherehani anayekaa karibu na shule alitushonea mifuko thelathini kutoka mabaki ya turubai, yenye mfuniko mrefu unaokunjwa mara mbili. Kitabu kinachotoka hutoka na mfuko wake, na hurudi nao.

Na tulifanya somo moja, la dakika arubaini, kwa Gredi ya Nne hadi ya Sita. Sikuhutubia. Nilichukua kitabu cha zamani cha hesabu kilichoshaondolewa kwenye orodha, nikakitumbukiza ndani ya ndoo ya maji ya bahari mbele yao. Walipiga kelele ya hofu ambayo sikuitarajia. Mmoja alisimama kunizuia. Kisha tukakisuuza, tukatia karatasi, tukakisimamisha dirishani, na wakapokezana zamu za kubadilisha karatasi kwa siku tatu. Kilikauka. Kimepinda kidogo, na kinafunguka ukurasa hadi ukurasa. Kando yake, juu ya rafu hiyohiyo, kimekaa kile cha kasa, kimefungwa ndani ya mfuko ili ukungu usiwaendee wenzake. Sikuandika maelezo chini yake. Aliyekiazima alikubali kiwekwe pale nilipomuuliza kwanza, faraghani, angekataa nisingekiweka.

Kisa hakikuisha kwa kila mtu kufurahi. Naibu bado anahesabu, na ana haki, kwa sababu tangu mabadiliko vitabu viwili vimepotea bila mtu kusema. Msichana mwenyewe hakurudi maktaba kwa wiki tatu. Nilimtumia salamu kupitia mwalimu wa darasa, nisimwite mwenyewe, na siku aliporudi nilimwacha atembee kwenye rafu bila kumsemesha. Alisimama mbele ya namba 597. Ni mpangilio wa Dewey, wa kupanga vitabu vya maktaba kwa namba, ambao uliwaweka samaki na kasa chini ya namba moja. Watoto wa wavuvi huniambia kila mwaka kwamba kasa si samaki, na kila mwaka nawajibu wako sawa, ila hapo ndipo watawakuta.

Kitabu kipya kilifika mwisho wa Agosti, kwa basi la Mombasa hadi Mokowe, gati la upande wa bara, kisha kwa boti. Nilikiandika namba mpya, nikakipiga muhuri, nikamwita mvulana wa Gredi ya Sita aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha, ingawa kazi mradi yake ilishapita. Alikichukua bado akikitaka. Nilipofungua orodha ya wanaosubiri kufuta jina lake, nikaona jina la tatu limeandikwa kwa penseli, herufi ndogo, bila mtu kumwambia: la mjukuu wa yule bibi.